Tume, Mkwe Wangu na Kiti Chenye Mikono

Jumanne, 8 Aprili 2025

Leo Serikali imeniita nikarekebishe sheria za nchi. Mimi, Yotamu, mtu wa darasa la nne! Wametazama bara, wametazama visiwani, wakasema hapana, bila yule mzee wa Kyela mwenye jino moja la mbele, sheria haziendi.

Haya. Sikuitwa. Jino ni kweli, mengine nimetia chumvi.

Ilivyokuwa: Nelson, mtendaji wa kata, amepita kwa bodaboda na kipaza sauti. Tume ya kurekebisha sheria inakuja Jumanne ijayo, ofisi ya kata, kuchukua maoni ya wananchi juu ya mirathi na mila. Wote mnakaribishwa. Alipofika kwenye “hasa wazee wanaojua mila” akanitazama mimi. Yohana anasema hakunitazama, alikuwa anatazama dimbwi asije akaanguka na pikipiki. Yohana ni rafiki yangu, tumechunga ng'ombe pamoja tukiwa watoto, na tangu wakati ule hajanikubalia jambo lolote.

Nikamuuliza Nelson hiyo tume kazi yake hasa ni nini. Anasema ni chombo huru, hakipangiwi la kusema. Kinazunguka, kinasikiliza watu, kinakwenda kuandika, halafu kinaishauri Serikali sheria ipi imezeeka. Nikamwambia, sheria iliyozeeka mnaijuaje? Inakohoa? Akawasha pikipiki.

Veronika, mke wangu, hakucheka. Anasema mirathi ndiyo habari ya Damari, mkwe wetu. Akawa anatumbukiza ndizi kwenye chungu kama anazizamisha kwa makusudi.

Mvua usiku kucha. Kokoa haikauki.

Alhamisi, 10 Aprili

Hezroni amekuja! Mtoto wa marehemu kaka yangu. Viatu vimepigwa rangi, mkungu wa ndizi begani, “Ugonile, baba mdogo,” anasalimia, mdomo mtamu kama embe lililoiva upande mmoja.

Hezroni analitaka shamba la kokoa analokaa Damari. Damari ni mjane wa mwanangu Gwamaka. Gwamaka tulimzika mvua za mwaka juzi — sitaki kuandika hapo. Ameacha binti mmoja, Kisa, ambaye hata meno ya utoto hayajang'oka. Hezroni anasema mila iko wazi: mjane si wa ukoo, mtoto wa kike ataolewa, shamba lirudi ukoo. “Ukoo” maana yake Hezroni. Kikao cha ukoo ni baada ya Pasaka, amekiitisha yeye.

Nikamwambia: shamba lile nilitoa mimi, siku walipohamia nyumba yao, nikasema kwa mdomo wangu, nawapa Gwamaka na mkewe, wote wawili. Akacheka kwa adabu. “Baba mdogo, siku ile ulisema pia kwamba meli ya Itungi iliwahi kukusubiri katikati ya ziwa umalize kula.”

Nilisema. Ni kweli nilisema.

Basi akabadilisha mazungumzo. Amezungumza na Nelson, nitakaa mbele kabisa, karibu na meza ya wageni, kama mzee wa mila. Nikauliza, kiti gani? Akasema chochote utakacho, baba mdogo. Nikasema nataka chenye mikono. Akasema atakitafuta.

Alipoondoka nilipita uani nikijaribu kukaa kama mtu wa kiti chenye mikono. Veronika ananitazama tu. Mwisho akasema:

“Gwe Yotamu, umeshawahi kuona sanamu ya kutishia ndege mpungani?”

“Nimeona.”

“Na yenyewe huwa imewekwa mbele. Inafurahi.”

Nikaelewa taratibu, kama mtu anayekanyaga moto na ndara.

Sisi hapa mwanamke akiolewa hamtazami baba mkwe wake, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hawakai pamoja, hatamki jina lake. Tunaita ukutila. Wengi wa mjini wameacha, wanakula hata chipsi meza moja na wakwe zao. Damari hajaacha. Ni Mkisi wa Ikombe, kule ziwani, mfinyanzi, na msimamo wake ni kama udongo wake ukishachomwa. Miaka yote hii sijui sura yake ikoje. Namjua kwa mgongo, kwa sauti na kwa mwavuli. Nikienda kwake naanza kukohoa tangu kwenye migomba ili ajifiche. Daktari wa zahanati ameshanipima kifua bure.

Sasa nikikaa mbele, Damari ataingiaje? Hataingia. Ataishia barabarani. Na asipoingia, nani atasema habari ya shamba mbele ya kata nzima? Mimi? Mtu wa meli?

Hezroni si mjinga. Mimi ndiye niliyeuliza habari ya mikono ya kiti.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa Damari. Nimekohoa, nimeimba na wimbo wa kwaya ubeti mzima. Nikasikia anahamia nyuma ya jiko. Nikakaa huku, yeye kule, ukuta katikati. Zamani hata sauti ilikuwa mwiko. Siku hizi sauti tumejiruhusu, mradi asiseme nami moja kwa moja. Anasema na kitu kingine, mimi nasikia kwa bahati.

Leo alikuwa anasugua chungu kwa kokoto, akasema na chungu.

“Gwe chungu, nimesikia kuna mtu kapewa kiti kikubwa.”

Nikamwambia jogoo wake: “Gwe jogoo, huyo mtu hakujua. Sasa amejua.”

Kokoto ikaendelea tu, kwaru kwaru. Nikamwambia jogoo kwamba kuna njia. Wazee walikuwa wanaufungua mwiko kwa zawadi, baba mkwe anatoa mnyama, mambo yanakwisha. Mimi nina mbuzi, yule mwenye sikio lililochanika. Jumanne tungeingia wote, tukakaa, tukasema.

“Chungu,” akasema Damari, “mwambie huyo mtu mbuzi wake ni mzuri. Lakini nikiingia pale nikamtazama baba mkwe machoni, Hezroni hatahangaika tena. Atasema tu: mwaona? Mwanamke huyu hana adabu hata kidogo, na anataka shamba la ukoo. Na mama yangu Ikombe atakuwa ameshajua kabla mtumbwi haujafika. Adabu yangu ndiyo imebaki. Siiuzi kwa mbuzi.”

Jogoo akaenda zake kudonoa. Mimi nikabaki na mbuzi wangu.

Kisha Damari akasema taratibu, sijui kwa nani, “Shamba lile kila mche nilishika mimi, yeye akachimba shimo.”

Nimerudi nyumbani bila kukohoa.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisani Damari kakaa nyuma ya nguzo kama kawaida. Mwinjilisti alishamwambia nguzo si lazima, Bwana ametukomboa na miiko yote. Damari akamjibu Bwana hakuwa na baba mkwe. Mwaka jana walimpa asome neno, jina langu likawa limo humo ndani. Aliliruka kama mtu anavyoruka tope, kanisa zima likaguna.

Baada ya ibada nimemwambia Yohana mpango wangu. Jumanne nitaumwa. Kiti kitabaki tupu, Damari ataingia, atasema yake.

Yohana kafikiri, akatema ganda la muwa. “Ukiumwa Hezroni atakuja na kitanda akuweke mbele na kitanda chako.”

“Basi nitakwenda, halafu nitaondoka.”

“Ukiondoka nani atathibitisha?”

“Wewe! Ulikuwepo siku ile natoa shamba.”

“Nilikuwepo,” akasema Yohana. “Nakumbuka pombe, kimpumu kilikuwa kizuri. Mengine sikumbuki.”

Ukiacha Hezroni na watu wa nyumbani kwangu, huyo ndiye shahidi wangu pekee aliye hai.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hezroni ametuma mtu: kiti kimepatikana. Kina mikono na mto wa kukalia, mwekundu. Shetani anatumia mafundi wazuri.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika nikiwa nimechuchumaa. Chooni. Choo cha ofisi ya kata. Siumwi. Wacha nianze mwanzo, maana huko nje wanabishana na mimi sina pa kwenda.

Asubuhi gari la tume lilinasa kwenye tope kabla ya daraja. Tukalisukuma. Mimi nilisukuma kwa maneno. Wakashuka watatu, mkubwa wao ni binti, Wakili Gloria, buti za mvua hadi magotini, akasalimia wazee mmoja mmoja, akainama vizuri. Nikamwambia nilitegemea tume iwe na mvi. Akasema, “Mvi nimezifuata hapa, babu.” Nikampenda papo hapo. Wakamlisha mbalaga, akafuta sahani kwa ndizi ya mwisho.

Ukumbini mvua ilipiga bati hadi hakuna anayesikia, basi ilipokatika wakahamia barazani. Meza, wageni, watu wamejaa hadi kwenye majani. Na kiti changu. Ee! Nimekaa. Sitasema uongo hapa kwenye daftari langu: kile kiti ni kizuri. Mikono inakupokea. Hezroni kasimama nyuma yangu kama mtu aliyeegesha ng'ombe wake.

Gloria akaeleza. Hawakati kesi, hawana polisi, hawana jibu la leo. Wanataka kujua mirathi ya kimila inavyotumika huku, inamuumiza nani, inamsaidia nani, ibadilishwe wapi. Watu wakaitikia kwa kichwa, wameelewa kabisa. Kisha wa kwanza akasimama akashitaki mbuzi wa jirani. Wa pili, mzee wa Talatala, akaomba sheria ya kukataza viboko kutoka mtoni na kula mpunga. Gloria akaandika! Yohana akauliza nani atawasomea viboko. Mwingine akataka sheria ya mashemeji, hakueleza iwafanye nini, akakaa.

“Na mzee wa mila?” akasema Hezroni kwa sauti. “Baba mdogo, waeleze mjane anapata nini kwa mila yetu.”

Nikasimama. Nikasema mila yetu ni nzuri ila ilitungwa na wanaume waliodhani watakaokufa ni wenzao. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa naanza kupata moto — hapo ndipo nikauona mwavuli.

Mweusi, kijiti kimoja kimevunjika, upande wa kushoto umelegea kama bawa la kuku aliyenyeshewa. Pembeni mwa jengo, kwenye kona. Mvua imekatika lakini mwavuli bado uko wazi. Hausogei. Huo ni mwavuli wa Damari, na chini yake Damari, na kati yake na meza ya tume niko mimi na kiti changu.

Nikashika tumbo. “Wananchi, ndizi zimeniita.” Nikaondoka mbio kidogo, upande wa pili wa jengo, nikaingia humu. Sikutazama nyuma. Nilisikia Hezroni akisema “Baba mdogo! Baba mdogo!” kama mtu aliyekatikiwa na kamba ya mtumbwi.

Sasa shida ya choo hiki: mlango umeelekea barazani. Bati, lina tundu la msumari. Nikiweka jicho naona meza na mikono na viatu vya watu tu, na hata hivyo natazama chini, kwa adabu. Masikio hayana adabu, yanasikia yote.

Damari kaingia. Sauti yake mbele ya watu ni nyembamba kuliko ilivyo kwa chungu, lakini haikutetemeka. Karani wa tume akamuuliza jina, akataja. Marehemu mume?

“Gwamaka.”

“Gwamaka nani, mama? Tunahitaji na jina la baba yake.”

Nikasikia kalamu inagonga meza.

“Gwamaka wa... wa yule mzee.”

“Mzee yupi?”

Nikaweka jicho kwenye tundu. Nisamehewe. Niliona mikono tu — kata nzima inanyoosha vidole chooni!

Walicheka hadi mwinjilisti. Nami nilicheka, nikaziba mdomo. Lakini yule binti wa buti hakucheka, alimwambia karani asiandike kwamba hajui jina, aandike kwamba halitamki, na aandike kwa nini. Kisha akamwambia Damari aendelee.

Akasema. Sikujua kwamba ana maneno mengi hivyo. Alisema anafinyanga vyungu anapeleka mnadani, kwamba hajamwomba mtu chakula tangu msiba. Alisema kikao cha ukoo ni wiki ijayo na yeye haruhusiwi kuingia, kwa hiyo anasema hapa ambapo hakuna mlango. Alisema shamba lile walipewa wote wawili kwa mdomo. Na kama sheria inasema maneno yale ni ya mwanaume peke yake, basi wairekebishe, maana siku ile yeye alikuwa nyuma ya ukuta na aliyasikia yote.

Ni kweli. Alikuwa nyuma ya ukuta. Nilisema kwa nguvu makusudi ili yamfikie.

Hezroni akasimama. “Nani mwingine aliyasikia?”

“Aliyesema mwenyewe.”

“Basi aitwe! Aje hapa, aseme mbele ya watu!” Nikaviona viatu vyake vinang'aa. Anajua! Nikitoka, Damari lazima akimbie na maneno yake yakatike katikati. Nisipotoka, Damari ni mwongo.

Gloria akarudia: sisi si mahakama. Nelson akasema anaelewa, lakini kata nzima iko hapa na ukoo wote uko hapa, mzee akisema leo nani atabisha kikaoni? Asemapo mbele ya watu wote limekwisha. Watu wakasema ndiyo, ndiyo, limekwisha.

Nikapiga kelele humu humu: “Nilitoa! Kwa wote wawili! Gwamaka na mkewe!”

Kicheko kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Hezroni naye akacheka. “Hiyo ni sauti ya chooni. Hata ile meli tuliisikia hivyo hivyo.”

Nimezeeka nikichekesha watu na leo ndiyo siku ya kwanza kicheko kimeniuma. Nimehesabu waliomo humu. Inzi wawili, mimi wa tatu.

Nelson akasema sauti bila uso haiwezi, lazima watu wamwone anayesema. Ndipo yule Gloria akauliza swali la maana kuliko yote: “Mila yenu yenyewe inasemaje? Zamani mkwe na baba mkwe wakitakiwa mahali pamoja, mlifanyaje?”

Kelele! Kila bibi ana jibu lake. Mmoja anasema mkeka. Mwingine anasema majani ya mgomba. Karani anaandika hadi jasho. Halafu nikasikia sauti ya Veronika, mke wangu, na wote wakanyamaza, maana Veronika akisema huwa amekwisha kupima.

“Ni kitu chochote kinachoziba macho. Kishikwe katikati yao, mmoja huku, mmoja kule. Lakini hashiki ndugu wala mke. Anashika mwanaume wa rika la mzee, aliyechunga naye. Wakifanya hivyo mkwe hajavunja kitu.”

“Ni kweli,” wakasema mabibi. “Ndivyo ilivyokuwa!”

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Veronika ni mke wangu, tumekaa pamoja miaka mingi, kuna mambo yanaambukiza. Lakini hakuna aliyebisha, na karani ameshaandika.

Nasikia watu wakisema Damari amegeuka, amekipa choo mgongo, amenyoosha mkono nyuma, mwavuli umo mkononi. Anasubiri wa kuupokea.

Mtu wa rika langu, aliyechunga nami. Kwa kata hii nzima amebaki mmoja.

Yohana.

Na Yohana, wanasema, anatazama mawingu! Yuko palepale, nimeona ndara zake. Nelson amemwita, anasema bega linamuuma. Anaogopa Hezroni, huenda. Au anaona aibu kushika mwavuli wa mwanamke mbele ya watu. Hezroni ameshakaa kwenye kiti changu, nimeona viatu vinaning'inia kwa raha, na mvua inaanza tena, na Wakili Gloria amefunga faili moja.

Nimemwita mara moja, hajasikia. Nafunga daftari niite tena, na nitaita hivi, nimekwisha kuyapanga:

Yohana! Sikuombi ushahidi, kimpumu kilikufutia. Sikuombi ng'ombe. Lakini mkeo alipokutafuta siku ile ya ngoma, nani alisimama mlangoni akaapa kwamba uko mazoezi ya kwaya, na wewe uko nyuma ya ghala langu umelala na kibuyu? Mkeo yupo hapo mstari wa pili. Na sauti ya choo hiki, umeshasikia, inafika.

Pokea mwavuli tu, ndugu yangu. Kutoka mlango huu hadi kwenye kiti. Ushushe kidogo upande wa kushoto, una kijiti kilichovunjika.